Pijo la Bi. Muhiba

Ruqaiya hushona viti vya magari. Mtaa mzima wa Majengo unamjua kwa kazi hiyo, na madereva wa malori humletea viti vilivyochanika mpaka sponji inaning'inia nje, naye huvirudisha vimetuna, mshono umenyooka, huoni pa kuingiza kucha. Turubai za pikapu ndizo anazozipenda zaidi. Huzipima kwa tepu mara mbili, kisha huzipima tena kwa mkono, kwa sababu tepu yenyewe haiamini. Ana ulimi, hilo halifichiki. Mteja anayemharakisha huambiwa aende akakalie ndoo.

Ulimi huo ameurithi kwa mama yake. Bi. Muhiba ndiye aliyekuwa mpishi wa shughuli zote za mtaa huo tangu Ruqaiya akiwa mdogo. Awe na harusi, awe na hitima, mtu alikwenda kwa Bi. Muhiba kuomba masufuria, yale makubwa ambayo mtoto angeweza kujificha ndani na kifuniko kikafunga. Hakuyakodisha wala hakuyatoa peke yake. Ukiomba masufuria umeomba na mwenyewe: anakuja nayo, anashika mwiko, anakaripia kila mtu jikoni kwako, pilau linaiva, anarudi kwake. Aliwapikia Waislamu na Wakristo, Majengo, Mathare na Kaloleni, na hakuna aliyewahi kumwambia chumvi imezidi. Nani angethubutu?

Masufuria hayo yalisafiri kwa Pijo, pikapu kuukuu ya rangi ya maziwa aliyoachiwa na marehemu mumewe, aina ile ambayo gia yake iko kwenye usukani. Dereva alikuwa Ruqaiya. Mama hakujifunza kuendesha, ila alijifunza kuamrisha dereva, na barabara nzima alikuwa akisema punguza, ongeza, huoni shimo hilo?

Kisha siku moja injini ikagoma palepale uchochoroni mbele ya nyumba. Wakasema wataiangalia wiki ijayo. Mnazijua wiki ijayo za Majengo. Matairi yakaisha upepo, kuku wakahamia chini ya injini, wauzaji mitumba wa Gikomba wakaomba kuweka mabunda yao nyuma kwa siku mbili na wakasahau kuyatoa. Miaka ikapita. Mwanzoni watu walikuja na mikokoteni kuyachukua masufuria, lakini mkokoteni haumbebi mpishi mwenye magoti mabovu, na Bi. Muhiba alikataa vyombo vyake viende bila yeye. Mwishowe waliacha kuja.

Hapo ndipo Bi. Muhiba alipoanza kunyamaza. Alikaa kwenye kiti chake mlangoni, akiliangalia gari bila kuliona. Ruqaiya alimpelekea chakula na mama akakila chote bila kusema neno, hata siku wali ulipoungua. Hilo lilimtia Ruqaiya hofu kuliko homa yoyote. Mama yake kula wali ulioungua na kusema ahsante?

Siku wanunuzi wa vyuma chakavu walipokuja na mizani yao wakilipigapiga gari mateke, Ruqaiya alikuwa chumbani kwake akishona. Alimsikia mama yake akiwaambia, kwa sauti ya chini, "Lichukueni tu." Akatoka na mkasi mkononi. Wale vijana hawakungoja kuelezwa.

"Mama, unatoa gari?"

"La nini, mwanangu? Mimi na hilo gari tumeshamaliza kazi."

Ruqaiya alirudi kwenye cherehani yake lakini hakushona. Aliwaza jambo moja: akimwacha mama yake aendelee hivi, atampoteza angali hai. Na hakujua njia nyingine ya kumrudisha ila kulifufua lile gari, limbebe mama na masufuria yake mpaka penye moto.

Alimwita Nyongesa, fundi wa Kaloleni ambaye ameyatengeneza magari ya Pijo tangu ujana wake na haheshimu gari jingine lolote. Nyongesa aliingia chini ya gari, akakaa huko muda mrefu, akatoka na manyoya ya kuku kichwani.

"Dada, hii gari haijakufa. Imelala tu. Lakini imelala vibaya."

Na kweli ililala vibaya. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu mpaka dereva angeweza kukanyaga udongo akiwa amekaa kitini. Panya walikuwa wametafuna nyaya. Nyongesa alishauri watafute injini ya Toyota wamalizane, maana kila mtu siku hizi anafanya hivyo.

"Ningetaka Toyota ningenunua Toyota," Ruqaiya alimjibu.

Nyongesa alicheka, na tangu hapo akaifanya kazi hiyo kama ya nyumbani kwake. Aliifungua injini kipande kwa kipande juu ya gunia. Alizunguka kwa mafundi wenzake kutafuta kabureta, akapata moja kwenye kibanda cha mtu aliyekuwa akiitumia kuzuia mlango. Alichomelea sakafu mpya ya bati nene. Ruqaiya naye, kila alasiri baada ya kuswali, alifunga leso kiunoni akashika msasa. Alisugua kutu mlango kwa mlango mpaka chuma kikang'aa na vidole vikatoka malengelenge. Wapita njia walimtania kwamba anaosha gari kama maiti. Aliwajibu kwamba maiti haioshwi kwa msasa, ila wao wangeufaidi usoni. Alishona viti upya kwa leza ya kahawia, ile ngozi ya bandia, akakata turubai ya kijani kwa ajili ya nyuma, na nikisema turubai ile ilikaa, ilikaa. Mwanamke mmoja, cherehani moja na ukaidi, na gari lililokuwa banda la kuku likarudi kuwa gari. Anayeona hilo ni jambo dogo na ajaribu.

Bi. Muhiba alitazama haya yote kutoka kitini kwake mlangoni.

Wakati rangi inakauka, akaja Teresiah kutoka Kaloleni, rafiki wa Bi. Muhiba tangu wote wawili wakiwa na meno yote. Mjukuu wake Tiffany alikuwa anaolewa Jumamosi, na sherehe ingefanyika kwenye ukumbi wa mtaa.

"Muhiba wangu," alisema, "kuna watu wa kupika wenye kofia nyeupe, lakini mimi sitaki kofia. Nataka wewe."

Bi. Muhiba alitikisa kichwa. Ruqaiya akadakia, "Tutakuja, Mama Teresiah. Tutakuja na Pijo." Mama yake alimtazama kwa jicho refu, kisha akaangalia masufuria yaliyopangwa ukutani. Aliyaangalia kwa muda. Ruqaiya aliliona hilo na hakulala vizuri kwa furaha.

Ijumaa asubuhi Nyongesa aliunganisha betri. Injini ilikohoa, ikatema moshi mweusi uliowatoa watu vyumbani, ikakohoa tena, ikashika. Uchochoro mzima ulipiga vigelegele. Ruqaiya akaingia, akavuta gia, na Pijo likasogea kwa nguvu zake lenyewe kwa mara ya kwanza tangu lilale. Likapita nyumba ya kwanza, likapita ya pili, likasimama.

Nyongesa alikuja mbele, akainama, akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Akajikuna.

"Dada, hapa kuna ngori. Hii gari haitoki."

Uchochoro ulikuwa umeziba. Hakuna aliyeuziba kwa ubaya. Miaka yote gari lilipokuwa limelala, kila mtu alikuwa amejisogeza, na Majengo mtu hujisogeza kwa kuomba jirani: kidogo tu. Abdiqadir mwenye duka aliomba kidogo tu, akajenga ngazi ya saruji. Na upande wa pili Ruqaiya mwenyewe aliomba kidogo tu, akajenga chumba cha mabati cha kushonea, chumba kizuri chenye dirisha na nguzo nene, ambacho ndicho kilichomlisha yeye na mama yake. Alikuwa akiingia na kutoka chumba hicho kila siku akibeba msasa. Alipima viti, alipima turubai, alipima mpaka upana wa masufuria yatakayopangwa nyuma. Uchochoro hakuupima.

Alileta tepu. Watu wakamzunguka akipima. Mmoja alicheka, akakohoa kuficha kicheko.

Abdiqadir hakusubiri kuombwa. "Ngazi yangu ni saruji tu, vunjeni," alisema, na kweli akaleta nyundo mwenyewe, akavunja. Mungu ambariki mtu yule. Bado haikutosha. Kilichobaki kilikuwa ukuta wa chumba cha kushonea, na ukuta ule ndio uliobeba paa lote.

"Kuna njia," Nyongesa alisema. "Tukate bodi ya nyuma, tutoe gari vipande, tuunge huko nje. Harusi itatupita, lakini gari itapona."

Ruqaiya alikuwa karibu kukubali. Chumba kilikuwa riziki yao. Kisha akamtazama mama yake kitini pale mlangoni. Bi. Muhiba alikuwa amelisikia neno kukata. Aliinuka polepole akishika ukuta, akageuka, akaingia ndani, na mgongo wake ulikuwa mgongo wa mtu aliyekwisha kubaliana na mambo.

Ruqaiya aliingia chumba cha kushonea, akakumbatia cherehani yake nzito, akaitoa nje, akaiweka juu ya ngazi iliyovunjika. Akatoa marobota ya leza, akatoa mkasi. Kisha akachukua nyundo ya Abdiqadir na kung'oa msumari wa kwanza wa bati. Majirani walitazama kidogo, halafu wakaingia wote, na hadi adhuhuri chumba kilikuwa rundo la mabati na Pijo lilikuwa barabarani.

Jumamosi walimwinua Bi. Muhiba wakamkalisha kiti cha mbele. Alipapasa leza kwa kiganja, akafunga mkanda. Walipofika Kaloleni, wanawake walitoka ukumbini wakiimba, Teresiah mbele yao, na moto ulikuwa umeshawashwa. Bi. Muhiba aliomba kiti karibu na moto. Aliomba mwiko. Punde sauti yake ikasikika mpaka barabarani: nani amemimina mchele kabla ya maji kuchemka, na ni ukoo gani huo unaofunza watoto hivyo? Ruqaiya alisimama nyuma ya gari akishika turubai, machozi yakimtoka waziwazi, asijali nani anaona.

Jumatatu hakuwa na chumba. Alipandisha cherehani nyuma ya Pijo, akaliegesha kando ya barabara, akashona chini ya turubai yake mwenyewe. Wateja walikuja vilevile. Alipokuwa katikati ya mshono alisikia mtu akigonga bodi kwa fimbo. Alikuwa mama yake, aliyetembea kutoka nyumbani kwa magoti yale yale mabovu, akihema kwa hasira.

"Ijumaa nakwenda Mathare, kuna hitima," alisema. "Kabla ya hapo uwe umeshaondoa takataka zako kwenye gari langu."

"Ndiyo, Mama," Ruqaiya alijibu, na akaendelea kushona.