Tumbo Alilolipima Bi Hafidha

Kwa miaka thelathini ya ukunga mikono ya Bi Hafidha haikuwahi kukosea, na kijiji kizima cha Chiola kilijua. Akilipapasa tumbo la mtu alitaja miezi, na zahanati wakipima baadaye walikuta ni ileile. Sifa hizo alizipenda, tuseme ukweli. Zilimkaa kuliko kanga mpya.

Ndiyo maana mwezi wa saba, wanawake wakiwa uani wanapukuchua mbaazi, alipomwona mjukuu wake Tunu ameshika ubavu, alimwita akambonyeza tumbo mbele ya wote. Akakuta kitu kigumu.

"Mwantumu," alimwambia binti yake, mama yake Tunu, bila hata kupunguza sauti, "una mjukuu njiani. Miezi minne hiyo."

Tunu aliapa kwa Mungu. Nani amsikilize? Lisemwalo lipo, wakasema, kama halipo laja. Wiki ileile wakwe watarajiwa wakavunja posa, naye akapelekwa Likunja kwa mama yake mkubwa, akajifungulie mbali na macho ya watu.

Mtoto hakuja. Yalikuja maumivu. Mama mkubwa, mwanamke mwenye akili zake, akampeleka hospitali, na picha ikaonyesha uvimbe kwenye nyama za tumbo. Mimba haikuwepo, wala haikuwahi kuwepo. Wakachukua kipande kidogo kwenda kupimwa Dar.

Siku ya majibu, mwezi wa kumi na moja, Bi Hafidha alikwenda Nachingwea mjini mwenyewe. Tunu alimwamkia shikamoo huku anatazama ukuta.

"Si saratani," alisema daktari, kijana mpole aitwaye Teofili. "Ni uvimbe wa nadra, hausambai kwenda kwingine. Tunaweza kuukata, ila aina hii ukikatwa mara nyingi hurudi, pengine mkubwa zaidi. Zipo na dawa za kuuzuia. Na ipo njia ya kusubiri: tunaupima kila miezi mitatu, maana mingine husimama yenyewe, mingine hunywea kabisa. Mimi ningeanza na kusubiri."

"Nikateni," alisema Tunu.

Daktari akaanza kueleza upya, taratibu.

"Nimekuelewa, daktari. Lakini nikirudi na tumbo hili, watu wa Chiola hawatasubiri linywee. Watasubiri nizae. Na nisipozaa, watasema nimetoa."

Bi Hafidha aliificha mikono yake chini ya kanga, kama mtu aliyekutwa na kuku wa jirani. Aibu ilimwasha mpaka masikioni. "Mwanangu," alimwomba daktari, "mpe wiki tatu. Usimwandikie kisu bado."

Akarudi Chiola akiwa na la kusema, na hakulisema. Siku ya kwanza, ya pili, ya kumi. Alifikiria kumnong'oneza Mwantumu tu, habari itembee yenyewe. Lakini uongo aliutangaza uani kwa sauti, ukweli aunong'oneze? Tena aliogopa: nani atamwita tena akishikwa na uchungu? Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, hilo aliwafundisha wali unyagoni kila mwaka, yeye mwenyewe, bila haya.

Mwezi wa kumi na mbili ikafika siku ya kuwatoa wali. Wanawake walijaa, na Tunu alikuja na mama yake mkubwa, akasimama pembeni kwenye uzio. Zamu ya Bi Hafidha ya kuwausia wali ilipofika, alinyoosha mikono juu na ngoma zikanyamaza.

"Mikono hii mnaiona? Ilinidanganya... Hapana, nisiisingizie. Ni mimi na kiburi changu. Tunu hana mimba, hakuwahi kuwa nayo. Mtoto anaumwa. Posa yake nimeivunja mimi. Anayetaka kulicheka tumbo lake, anicheke mimi."

Mmoja akacheka kweli. Ashura, ambaye mkwewe alikuwa amekaribia kujifungua, alimwambia jirani yake, wala hakujificha, kwamba wao watakwenda zahanati. Bi Hafidha alisikia. Alisimama palepale, machozi yanamtoka mbele ya wali aliokuja kuwafunda.

Tunu akapita katikati ya watu mpaka mbele yake.

"Mwambie daktari nitasubiri," alisema.

Kwa mazoea tu, bibi akanyoosha mkono amshike. Tunu akarudi nyuma hatua moja, akalifunika tumbo lake kwa kanga.