Braketi ya Nane

Karakanani walimwita Bi Milimita, na mwenyewe aliitika. Jina lilianza kama kejeli, enzi zile alipokuwa msichana pekee katika chumba cha michoro, akiteremka ngazi na rula yake ya chuma kwenda kupima kazi za wanaume waliomzidi umri, kisha akisema kwa upole kwamba hapa pamezidi milimita mbili. Sasa alikuwa na miaka arobaini na tisa, miwani ya mbali puani na ya karibu kichwani, na ile kejeli ilishageuka heshima bila mtu kujua iligeuka siku gani.

Kazi yake ilikuwa kubuni matangi: ya hewa iliyoshindiliwa, ya gesi ya kupikia, na yale aliyoyapenda kuliko yote, ya vimiminika vya baridi kali. Tangi la namna hiyo kwa kweli ni matangi mawili, moja ndani ya jingine, kama chupa ya chai. La ndani hubeba oksijeni iliyopozwa mpaka ikawa kama maji, nyuzi mia moja themanini na tatu chini ya sifuri. La nje huikinga na dunia. Katikati hewa yote imefyonzwa, umebaki unga mweupe mwepesi na utupu. Vijana waliokuja kujifunza aliwaambia siku ya kwanza, "Joto hatulizuii. Tunalichelewesha tu. Litaingia, mtake msitake." Kisha aliwaonyesha linakopitia: kwenye mabomba, na kwenye braketi nane zinazolishikilia tangi la ndani lisigusane na la nje.

Braketi hizo hukaa gizani. Tangi likishafungwa, hakuna jicho litakaloziona tena. Ndiyo maana alizichora kwa uangalifu uliopita kiasi, na pembeni akaandika kwa herufi kubwa kwamba zitengenezwe kwa chuma kisichoshika kutu, ambacho karakana nzima ilikiita chuma cheupe. Chuma cha kawaida, kile cheusi, kikipata baridi ile hubadilika tabia. Hakipindi wala hakitoi dalili. Hukatika tu, kama sahani.

Mtu aliyezichomelea braketi za kila tangi kwa miaka thelathini na moja alikuwa Kobe, mume wa dada yake. Ndiye aliyemletea habari, zamani hizo, kwamba kiwandani wanatafuta mchoraji. Waliitana shemeji, wakataniana bila huruma.

"Shemeji, umelala humo?" Bi Milimita angeuliza, kichwa kikiwa kwenye tundu la tangi.

"Nimelala. Nimeota umechora kitu kinachoingia mahali pake."

Kobe alikuwa na utaratibu wake. Hakukubali chuma cheupe kikatwe kabla hajatengeneza braketi moja ya chuma cheusi, akaijaribisha, akaipiga tupa, akaijaribisha tena mpaka ikakaa. Hiyo ndiyo ikawa kiolezo, na kwa kiolezo hicho mkataji alikata nane nyeupe. Kazi ikiisha, kiolezo kilitundikwa kwenye msumari juu ya meza yake hadi tangi linalofuata. "Chuma cheupe si cha kujaribia," alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia nguo za harusi.

Wiki ya kufunga tangi la hospitali, Kobe alilalamika kwamba vidole vya mkono wa kulia vimekufa ganzi. Bi Milimita alimwona akiangusha kinyago cha kuchomelea mara mbili asubuhi moja.

"Nenda ukapimwe."

"Nitaenda."

"Utaenda lini, Kobe wewe?" Halafu akatazama kalenda ukutani. "Basi malizia hizo nane, shemeji. Tufunge tangi, halafu uende."

Akamalizia. Mkaguzi akachungulia na tochi yake, akahesabu nane, akaandika nane. Ijumaa tangi likafungwa. Jumapili asubuhi Kobe akaanguka kwenye mlango wa bafu, kiharusi, na aliponyanyuliwa alikuwa hana mkono wa kulia, hana mguu wa kulia, wala maneno.

Wiki tatu baadaye tangi lilikuwa limesimama uani, limepakwa rangi nyeupe, limeshindiliwa maji kwa kupimwa nguvu na halikuvuja, limefyonzwa hewa na utupu ukakaa. Muhuri wa mkaguzi ulikuwa umeshapigwa. Alhamisi lori lingelichukua. Jumatatu dada alipiga simu akaomba aletewe vitu vya mumewe vilivyobaki kazini, na Bi Milimita akaenda kufungua droo yake. Akakuta glavu, miwani iliyovunjika mkono, chanuo (la nini, na kile kipara?), na chini kabisa, ndani ya kitambaa, braketi.

Alitoa sumaku aliyoitundika pamoja na funguo zake, kama wafanyavyo wote pale, akaigusisha. Sumaku haikunata, ikateleza ikaanguka mezani. Chuma cheupe, kizuri. Alitabasamu.

Halafu akatazama msumari ukutani. Ulikuwa mtupu.

Alikaa kwenye kigoda cha Kobe. Kama nyeupe moja iko hapa, ndani ziko saba. Na mkaguzi alihesabu nane. Basi ya nane huenda ni kile kiolezo cheusi.

Alimfuata mkataji. "Braketi za tangi la hospitali ulikata ngapi?"

"Nane. Karatasi inasema nane."

"Sikuulizi karatasi. Nakuuliza wewe."

Mkataji akakuna kidevu. "Bi Milimita, mzee akiniomba ya akiba humpa, siandiki. Mara nyingine huomba, mara nyingine haombi. Safari hii... nane. Au tisa. Sikumbuki, wallahi."

"Na kiolezo kiko wapi?"

"Hakipo kwenye msumari? Basi labda kimetupwa na vyuma chakavu. Lori lilikuja juzi."

Mkuu wa karakana, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na aliyemwamkia kila asubuhi, alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya.

"Ikikatika, itakuwaje?"

"Tangi la ndani litaegemea bomba. Bomba likipasuka, oksijeni itamwagika kwenye utupu, yote ichemke kwa pamoja. Kifuniko cha usalama kitafunguka."

"Kwa hiyo kuna kifuniko."

"Kipo. Kikiwahi."

"Tukipiga picha ya mionzi?"

"Itaonyesha umbo, na umbo ni lile lile. Haitatuambia ni chuma gani."

"Sumaku?"

"Ganda la nje lote ni chuma cheusi. Sumaku itanata popote utakapoiweka."

"Sasa tufanye nini?"

"Tulikate ganda."

"Miezi minne, dada yangu." Akanyanyua simu, akapiga hospitali, akamkabidhi. "Waambie wewe. Mimi nitakubali utakalowaambia."

Aliyepokea ni muuguzi mkuu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimama. "Ni nyinyi wa tangi? Alhamisi mnakuja au? Lifti imekufa tangu juzi, mitungi tunaibeba mabegani hadi ghorofa ya tatu. Wauguzi wangu wamekuwa makuli."

"Kuna sehemu moja sina uhakika nayo," alisema Bi Milimita.

"Una uhakika kwamba ni mbovu?"

"Hapana."

"Mimi mitungi yangu nina uhakika nayo. Inaisha. Tuleteeni tangi, mama."

Alirudisha simu mahali pake taratibu. Mkuu wa karakana alikuwa akitazama viatu vyake.

Alibaki mtu mmoja duniani aliyejua. Jioni ile alikwenda kwake na kile kifurushi cha vitu. Kobe alikuwa ameketishwa kitandani, mito mitatu ubavuni, amenyolewa vizuri upande mmoja na vibaya upande mwingine.

"Shemeji," alisema Bi Milimita.

"Ndiyo," alisema Kobe.

"Ndilo neno lililorudi," dada alimwambia. "Hilo tu. Jana nimemuuliza, mume wangu, unanichukia? Kasema ndiyo." Akacheka, akajifuta macho kwa pindo la khanga.

Bi Milimita alivuta kiti. "Shemeji, nisikilize. Braketi za tangi la hospitali, ulifunga nyeupe zote nane?"

"Ndiyo."

Moyo wake uliruka kama wa msichana. Akaulazimisha utulie. "Au moja uliweka kile kiolezo?"

"Ndiyo."

"Ulimwomba mkataji ya tisa?"

"Ndiyo." Alijibu kwa juhudi, jasho likimtoka kwenye paji la uso, macho yamemkazia kama mtu anayesukuma mlango kutoka upande wa pili.

Akafungua kitambaa, akamwekea braketi kwenye mkono mzima, wa kushoto. Kobe aliigeuza. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, polepole, pale alipozoea kupiga tupa. Kisha akaanza kulia, mdomo umepinda.

"Shemeji, ni nini? Umekumbuka nini?"

"Usimsumbue," dada alisema kwa upole. "Siku hizi hulia hata akiona kijiko. Daktari kasema ni ugonjwa." Akamtazama mdogo wake. "Kwani kuna nini?"

"Hakuna. Namwonyesha kazi yake tu."

Jumatano aliandika kurasa mbili kwenda hospitali. Tangi lipozwe kidogo kidogo kwa siku mbili, si kwa saa chache. Uzio usogezwe mita tano nyuma. Asikae mtu karibu nalo bila kazi. Alitaka kuandika sababu. Aliandika, akafuta, akaandika tena: kuna shaka juu ya aina ya chuma cha braketi moja ya ndani. Mkuu wa karakana aliisoma sentensi hiyo mara mbili, akaiacha. Muuguzi mkuu naye aliisoma, akasaini kwamba amepokea.

Siku ya kulijaza kwa mara ya kwanza alikuwepo. Alisimama ameegemeza sikio kwenye ganda, jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amewakataza wote. Chuma kikipoa husinyaa, na kikisinyaa hulia: tik, kimya, tik tik, kisha mlio mmoja mzito kama kifundo cha mguu kikialika. Matangi yote hulia hivyo. Alikuwa amesikiliza zaidi ya mia moja maishani mwake na hakuwahi kutaka kujua mlio upi unatoka wapi. Dereva wa lori la oksijeni alimuuliza kama kuna tatizo, akasema hapana, endelea. Geji ilipanda ikasimama pale alipoikadiria kwenye karatasi, nambari kwa nambari. Juu wodini, wauguzi waliacha kubeba mitungi.

Geji haikumwambia chochote. Braketi mbovu inaweza kukaa mwaka, au miaka ishirini, au kumshinda umri yeye na hospitali yenyewe. Inaweza kuwa haipo kabisa.

Kwa hiyo huenda kila Jumamosi. Hupitia lango la nyuma, hulizunguka tangi mara moja, hupapasa tumbo lake kwa chini kutafuta jasho au ukungu wa barafu, ambao ndio dalili ya kwanza, na mkono wake hutoka mkavu. Husoma geji. Huandika kwenye daftari dogo. Hakuna aliyemwagiza.

Mlinzi wa lango hilo alimzoea. Kwa miezi mingi alimfungulia tu, akidhani ni mmoja wa wale wanaoleta chakula na nguo safi. Siku moja ya mvua alimkaribisha kwenye kibanda chake.

"Mama, naona huchoki kuja. Mgonjwa wako anaendeleaje?"

Bi Milimita aliitazama mvua ikiteremka kwenye ganda jeupe, ikifanya iwe vigumu kujua jasho ni lipi.

"Yupo vilevile," alisema.

"Basi tushukuru," alisema mlinzi, akamsogezea benchi.