Nilijifanya Naijua Ndege Yao

Kosa ni langu, tena nililifanya nikiwa na akili zangu timamu. Mimi ni seremala huku Nyamiaga. Jina niachieni, limeshachafuka vya kutosha.

Bibi mmoja wa Keza alinijia na picha ya zamani. Mumewe alikuwa fundi kwenye ndege ya jeshi ya kubeba mizigo. Wakati wa vita vya Kagera iliruka na watu watano, haikurudi, na hakuna familia iliyopata hata kifungo cha shati cha kuzika. Sasa familia zote tano zilikuwa zimekubaliana kujenga jiwe la kumbukumbu nyumbani kwake, na juu yake ikae ndege ya mbao inayofanana na ile. Alinisihi nifuate picha.

Nikaitazama. Ndege nene, tumbo kama la mbuzi mwenye mimba, pangaboi moja kila bawa. Nikaona haifai kabisa! Mtu afe vitani, halafu akumbukwe kwa kitu kama hicho? Bahati yao walimpata mtaalamu. Nilikuwa nimeshatazama ndege za kivita kwenye simu jioni tatu nzima.

Basi nikawaboreshea. Nikachonga ndege ya mashambulizi, pua kali kama mkuki, makombora manne chini ya mabawa, na kiti kimoja cha rubani. Mke wangu aliuliza kama yule bibi ameiona. Nilimjibu kwamba mambo ya anga aniachie mimi.

Siku ya kuizindua watu walijaa, na padri alikuwepo. Kutoka Nemba aliletwa kwa pikipiki mama wa mwanajeshi aliyekuwa mdogo kuliko wote katika wale watano, kikongwe ambaye macho yalishamfifia. Mimi nilivaa koti. Nilikuwa na hotuba pia.

Kitambaa kikaondolewa. Wasiojua wakapiga makofi. Bibi wa Keza alitazama picha yake, akatazama ndege, akanitazama mimi. Yule kikongwe akaomba aishike. Vidole vyake vikapita puani, vikapita kwenye mabawa, vikaingia kwenye kile kiti, vikatulia hapo.

"Hapa panakaa mtu mmoja," akasema. "Mwanangu alikaa wapi?"

Hotuba yangu ya kurasa mbili niliikunja, nikaitia mfukoni mwa koti.

Nilipiga magoti, nikamwomba radhi, nikaahidi kuchonga nyingine. Akasema sawa, ila nifanye haraka.

Nikafanya haraka? Wiki tatu nilizimaliza nimenuna, nikiwaeleza wenzangu kijiweni kwamba watu wa huku hawajui sanaa. Nilipokuja kushika patasi na kuifuata picha dirisha kwa dirisha, habari ikafika kutoka Nemba: kikongwe amezikwa jana.

Ndege ya pili iko Keza, nene vilevile kama ile ya pichani. Kila familia imeishika, ila yule kikongwe hakuiwahi. Bibi hana neno na mimi. Nikimwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba kwa upole, na upole huo unanichoma kuliko kama angenitukana.

Mafundi wenzangu, na ninyi wengine mnaojua kila kitu: mfiwa akikueleza anachotaka, kifanye hichohicho. Ukijisikia kumboreshea marehemu wake, weka chombo chini ukamuulize kwanza. Na ukikosea, usinune. Rekebisha siku hiyohiyo, maana watu hawa wameshasubiri miaka mingi, na wengine hawana tena wiki tatu za kukupa.