Mwanga Mzuri Ghorofa ya Tatu

Kwa miaka mingi, zipu ikikukatikia mjini Nyeri ulimwendea Murugi, au Mama Ngendo kama wengi walivyomwita, fundi wa chini ya ngazi katika jengo la maduka la Shashikant. Ulivua koti, ukasimama kando ya cherehani ukitetemeka, naye akakutania kwamba umekonda kama kuku aliyenyonyolewa. Kabla hujamaliza habari za kwenu, koti lilikuwa mgongoni tena.

Supamaketi ya mle ndani ilipofungwa, maduka mengine yalikufa moja moja. Murugi alibaki, kwa kuwa watu waliendelea kupita pale wakitoka sokoni. Kisha Sanjay, mwanawe Shashikant, akalifanya jengo upya: vioo, lifti, ofisi. Ngazi zikabomolewa. Hakumtupa Murugi. Alimpa chumba ghorofa ya tatu bila kodi, akisema baba yake angetaka hivyo. Dirisha lilitazama Mlima Kenya. Murugi hakuwahi kushona penye mwanga mzuri namna ile.

Wateja hawakuja. Mlangoni alisimama Gatimu, mlinzi, na amri aliyopewa ilikuwa moja: hakuna kupanda bila kitambulisho. Akina mama wa vijiji vya Tetu hawabebi kitambulisho wanapoleta sweta ya mtoto. Waligeuka, wakaenda zao. Murugi alimweleza Sanjay, naye akasikitika, akasema wapangaji wa ofisi ndio waliotaka hivyo. Mji unaomdai mama kitambulisho ili ashonewe sweta unajengewa nani?

Asubuhi moja zipu ya Gatimu ikakatika. Hakuruhusiwa kuvua sare wala kuacha mlango, basi Murugi akashuka na sindano, akamshonea koti akiwa amelivaa. Mwanamke aliyekuwa akipita na kapu la viazi akasimama.

"Kumbe uko, Mama Ngendo? Tuliambiwa ulirudi nyumbani."

"Niko huko juu."

Mwanamke alitazama vioo, akacheka. "Huko ni kwa wakubwa. Si unishonee sweta hii hapa hapa?"

Gatimu aliinamisha kichwa. "Mama, hapa hairuhusiwi. Watanifuta kazi."

Murugi alikata uzi kwa meno, akamnyooshea kola kama mtoto anayekwenda shule. "Najua. Sikulaumu, kijana wangu."

Jioni ile alishusha cherehani kwa lifti. Sasa anashona kwake Mweiga, mbali na barabara, akipata mteja kwa nadra. Chumba kile hakijapata mpangaji. Na mjini, asubuhi za baridi, naona makoti mengi yamefungwa kwa pini.