Kaseti pekee ya bendi yetu niliifuta mimi

Admin, nifichie jina, maana Maskati ni ndogo na Waswahili wake tunajuana mpaka wajukuu. Mimi ni mwanamme wa miaka hamsini na mbili, nina mke na watoto watatu, wazazi wangu wote walitoka Unguja. Wiki iliyopita hapa kwenye peji watu walikuwa wakitaja bendi za roki ngumu zilizosahauliwa, zinazostahili kusikilizwa tena. Nilisoma maoni yote mpaka la mwisho nikitafuta jina la bendi yetu, kama mjinga. Nani angeitaja, na hakuna aliyewahi kuisikia? Sababu ni mimi.

Katikati ya miaka ya tisini tulikuwa vijana wanne. Mimi nilipiga besi. Rafiki yangu, nimwite Harith, ndiye aliyepiga gitaa na kuimba, na nasema bila upendeleo, nimesikiliza roki miaka thelathini na sijasikia gitaa linalolia vile. Tulifanyia mazoezi stoo ya nyumba yao mtaa wa Khuwair, magodoro tumeyaegemeza ukutani majirani wasije kutushtaki. Nikirudi, mama yangu alikuwa akiniuliza, "Leo mmepiga muziki au mmepigana?" Siku moja tukarekodi nyimbo zetu sita kwa redio kaseti, tukizirudia mpaka pande zote mbili zikajaa. Ikatoka kaseti moja tu, nikapewa mimi niipeleke kwa muuza kaseti wa Hamriya atutolee kopi.

Kabla sijaipeleka, Harith akatwambia anaacha. Kapata kazi wizarani na posa yake imekubaliwa. "Nimechoka kuonekana muhuni, ndugu yangu," alisema. "Nnataka kuwa mtu." Kwa hiyo sisi wengine hatukuwa watu. Nilirudi nyumbani na hasira zangu.

Jioni ile mama alikuwa akitafuta kaseti tupu. Enzi zile wazee wetu wengi hawakuandika barua. Walikaa mbele ya redio wakazungumza, kisha kaseti akapewa msafiri aifikishe Unguja kwa ndugu, na jirani yetu alikuwa anasafiri asubuhi yake. Nikaichukua kaseti yetu. Nilikuwa nimeshavunja vile vijipande vya juu ili mtu asirekodi tena, basi nikayaziba matundu kwa selotepu ili irekodi tena, nikampa mama. Haikuwa bahati mbaya. Nilijua ninachofanya.

Miaka ya elfu mbili, mimi na Harith tumeshapatana, binti yake akiwa bado mchanga, aliniuliza, "Ile kaseti unayo?" Nikasema ipo. "Itunze, akikua ntamsikilizisha." Na yeye gitaa hakuligusa tena maisha yake yote.

Miezi minne iliyopita moyo wake ulisimama, akafariki. Siku ya tatu ya msiba binti yake alinijia macho yamevimba, akanambia, "Ami, baba kasema wewe unayo sauti yake akiimba." Nikamjibu naitafuta.

Kaseti ninayo kweli. Mama mdogo, ndugu yake mama aliyepelekewa kaseti ile, alipofariki Unguja, wanawe walituletea vitu vyake, nayo imo. Sikuwahi kuwa na moyo wa kuisikiliza mpaka baada ya msiba huu. Mama yangu, naye keshatangulia mbele ya haki, anaanza hivi: "Kaseti hii kanipa mwanangu, kanambia haina kitu, basi leo n'tasema mpaka n'choke." Akasema kweli, pande zote mbili. Harusi za watu, magoti yake, bei ya nguru. Anapoaga, redio inazimwa, na hapo anatokea Harith katikati ya wimbo wa mwisho. Ni dakika nne. Nililia mpaka mke wangu akaja kuniuliza nani tena kafa.

Mtoto wangu ananambia anaweza kunikatia zile dakika nne, niseme sehemu nyingine ya kaseti imeliwa na joto. Binti atanibusu mkono na kunishukuru, na shukrani hiyo sitaiweza. Nikimpa kaseti nzima atasikia mwanzoni kabisa kwamba nilisema haina kitu, na alama ya selotepu ataiona.

Anakuja Ijumaa hii baada ya sala. Mimi nimebaki na karibu saa nzima ya mama yangu akizungumza. Yeye ana dakika nne za baba yake, na nusu yake ni gitaa tu. Nyinyi mngempa kipi, kaseti nzima au zile dakika nne?