Nyongeza kwa Bibi Helmi

Mwezi uliopita nilikuwa nahama Laurel, na nilipofungua sanduku la viatu nikakutana na harufu ya ngozi kuukuu, chaki na, kwa mbali, dawa ya kuchua misuli. Nikakaa sakafuni katikati ya maboksi, nikafumba macho, nikawa na miaka tisa tena kule Hyattsville, Marekani, asubuhi ya Jumamosi, umande umenilowesha soksi. Ilikuwa glavu ya mkono wa kushoto. Moja tu, maana warusha nyundo huvaa moja.

Mama alikuwa akihudumia wazee majumbani, na kiangazi kile alipangiwa Bibi Helmi, mama wa Kifini aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa goti. Ofisi yao ilikataza kabisa kwenda kazini na mtoto. Mama, mtu wa Morogoro, aliamini kwamba katazo hilo liliwahusu wenye mtu wa kumwachia mtoto. Basi nikaenda, nikionywa tangu ndani ya gari.

"Neema, usi-touch kitu cha watu. Ukae, utulie. Umenisikia?"

"Okay, Mama," nilijibu. Kiswahili nilikielewa chote, ila mdomoni kilikuwa kizito.

Bibi Helmi alikuwa na miaka sitini na kitu na mabega yaliyoujaza mlango. Alikuwa amemfuata mumewe Marekani, mume akafariki, na nyumba ikabaki kimya hadi unasikia friji ikinguruma. Chini ya kochi ndiko nyundo ilikolala. Nilitarajia nyundo ya misumari, kumbe ni tufe la chuma lililofungwa kwenye waya mrefu wenye mshikio. Amri ya Mama niliivunja siku hiyohiyo ya kwanza.

Badala ya kunigombeza, Bibi Helmi alinifungulia daftari lake. Alianza kurusha akiwa msichana, zama ambazo mashindano ya nyundo yalikuwa ya wanaume tu. Wanaume wakimaliza, waamuzi walikunja tepu ya kupimia wakaenda kunywa kahawa. Hapo ndipo yeye na rafiki yake walipoingia kwenye duara, wakarusha, wakahesabu umbali kwa hatua za miguu. Wanawake walipokuja kuruhusiwa, yeye alishapita arobaini. Alishindana misimu michache na wasichana wa kuwazaa, akawa wa nane, akawa wa tisa, kisha goti likagoma. Kwenye daftari, kila mstari wa ujana wake ulikuwa na tarehe, idadi ya hatua, na nafasi ya jina la mpimaji. Nafasi hiyo ilikuwa tupu ukurasa baada ya ukurasa. Mimi niliona karatasi nzuri inaharibika bure; ningechora maua.

Dada yake alikuwa akimsihi arudi kwao. Bibi Helmi akajiwekea sharti, akalitamka mbele yetu huku akichovya maandazi ya Mama kwenye kahawa. Goti likipona, atarusha mara moja. Akifika mita thelathini, atabaki Hyattsville na kujiandikisha mashindano ya wazee. Asipofika, atauza nyumba aende kwa dada yake. Nikalirudisha andazi langu kwenye sahani. Nilimpenda mno bibi yule, na bibi zangu wengine wote walikuwa sauti tu ndani ya simu ya Mama.

Sasa niwaambie habari ya Mama na vipimo. Jumapili baada ya kanisa, majirani walikuja kwetu kugawana gunia la unga tulilonunua pamoja, na mshika kopo alikuwa yeye. Alijaza, akasawazisha, akamimina; kisha, kila mara, akachota kiganja kimoja zaidi. Hiyo ndiyo nyongeza. "Aki wewe, uta-spoil sisi," Mkenya wa ghorofa ya pili alikuwa akimwambia, huku mfuko ameupanua vilevile. Nilikua nikijua kwamba ukimpimia mtu wako, huishii kwenye mstari.

Siku yenyewe ilifika mwezi wa tisa. Uwanja wa besiboli ulikuwa na ukungu mwepesi, na treni ilisikika ikipita bila kuonekana. Mama alisimama nyuma ya uzio wa waya akiomba chini chini. Bibi Helmi aliweka fimbo yake nyasini, akavaa glavu, akazungusha nyundo juu ya kichwa, mara mbili, halafu mwili wote ukaanza kuzunguka nayo, taratibu, kisha mbio, hadi nikasahau kwamba ana goti. Waya ulivuma. Akaachia kwa ukelele uliomtoa Mama "Yesu wangu!" Nyundo ikapaa ukunguni ikapotea, na kwa kitambo dunia nzima ilikuwa inasubiri tu. Kisha tukasikia kishindo.

Nilikimbia na ncha ya tepu. Kazi yangu ilikuwa kuibana kwenye shimo lililochimbwa na tufe, Mama asome kule kwenye duara. Nililiona shimo. Nikalipita kwa hatua moja kubwa, nikaikanyaga ncha pale.

"Thelathini na pointi nne!" Mama akapiga vigelegele peke yake uwanja mzima.

Bibi Helmi hakushangilia. Alikuja na fimbo yake polepole, akatazama kiatu changu, akatazama shimo nyuma yangu, akauliza kwa nini.

"It's nyongeza," nikasema, nikaangua kilio.

Mama alipotufikia alinielewa mara moja, akamweleza kwa Kiingereza chake habari yote ya unga na kopo. Bibi Helmi alisikiliza hadi mwisho, akanifuta machozi kwa glavu, akaniachia chaki usoni. Akaniambia, "Asante kwa kiganja chako. Sasa nipimie."

Nikaweka ncha katikati ya shimo. Mita ishirini na tisa, sentimita kumi na mbili.

Aliondoka kabla ya theluji. Glavu aliniachia, na mimi kwa hasira sikuivaa hata mara moja. Miaka mingi nilimwona mjinga, mtu wa kututupa kwa ajili ya hatua moja ya mtoto. Sikujua kwamba tepu ndicho kitu alichonyimwa tangu usichana wake, na kwamba siku alipoipata, mimi ndiye niliyekuwa nimeishika.

Siku ile ya kuhama, pale sakafuni, niliivaa kwa mara ya kwanza. Ilinienea. Nilipokunja ukingo wake nikaona wino ndani, kwa mwandiko uleule wa daftari: tarehe, 29.12, na kwenye nafasi ya mpimaji, jina langu.