Mdogo Wangu Alipimwa Mkono

Siku ile katika ukumbi wa kanisa pale Kyumbi tulikuwa mimi, mdogo wangu wa tumbo moja aliyeolewa Kangundo, mke wa mwanangu wa pili, akina mama wa chama chetu, na nesi, ambaye ni binti wa jirani yangu wa zamani. Majina yao yote niko nayo, hata ya mama zao, ila habari za chini ya kitovu sizichanganyi na majina ya watu.

Nesi alikuja kutupima kansa ya mlango wa kizazi. Alisema wale wanaofika hospitali wakiwa wamechelewa, ukiwauliza, wengi hawajawahi kupimwa, ama walipimwa mara moja zamani wakasahau. Kisha akasema, "Wale mmeshapimwa, kaeni kule kwa chai."

Mdogo wangu akainuka wa kwanza, akaenda kwa chai.

Nikamfuata. Ugonjwa huo ndio uliomchukua mama yetu, na yeye hakuna aliyempima mpaka alipolazwa.

"Wewe ulipimwa lini?" nikamuuliza.

"Mimi hupimwa kila mwezi Kangundo. Ni wewe tu hujui."

"Unapimwa nini?"

"Presha."

"Basi ulipimwa mkono. Mlango wako uko kwa mkono?"

Ukumbi ulicheka mpaka nesi akashika ukuta. Mke wa mwanangu akatoka mbio, maana sisi tuko na nthoni, ile aibu ya heshima: mke wa mtoto hakai akisikia mama mkwe anataja huko.

"Umefurahi sasa?" mdogo wangu akasema. "Umefukuza mtoto wa watu."

"Atarudi. Wewe nenda nyuma ya pazia."

Nesi akamwambia polepole, "Mama, hakuna atakayekushika. Ni kijiti cha pamba, unajipima mwenyewe."

"Na huyu dada yangu hataingia?"

"Hataingia, mama."

Akaacha chai yake imejaa, akaenda.

Baadaye simu ikapigwa: virusi vinavyoleta kansa hiyo vimepatikana, aende hospitali. Nilienda naye. Daktari akaangalia, akasema kuna mahali pameanza kubadilika lakini haijawa kansa. Akapachoma kwa joto siku hiyo hiyo, akamwambia arudi kuangaliwa tena asisahau. Mdogo wangu alitoka akipiga simu Kangundo nzima. "Haijawa," anasema, "haijawa," na mimi nyuma nabeba mkoba wake nikicheka kama msichana. Siku hizi mwanamke akimwambia amepimwa, anamuuliza, "Ulipimwa wapi, mkono?"

Mliokuwa pale, kama kuna nilichokosea, niambieni nirekebishe. Mmoja ameshaanza. Mke wa mwanangu anasema hakukimbia popote, alisimama hapo mlangoni akasikia kila neno, halafu akarudi akaingia nyuma ya pazia mimi nikiwa ninakunywa ile chai ya mdogo wangu.